Fomu ya ukumbi inataka namba ya IC (kitambulisho cha raia), sisi tuna pasipoti

Kutoka: Mama Pacha, Changlun

Assalaam alaykum, habari zenu wote, na shikamooni wakubwa.

Nina shida ya haraka. Mnakumbuka tulikubaliana kwamba Mfunguo Mosi huu, sisi Waafrika Mashariki wa huku Kedah na Perlis, kaskazini mwa Malaysia, tufanye rumah terbuka yetu (karamu ya Idi ya kukaribisha watu), tuwalishe majirani wa kampung (kijiji) ambao wametulisha miaka yote. Nikajitolea kukodi ukumbi. Ofisi siitaji. Fomu iko mtandaoni, kisanduku cha kwanza ni No. Kad Pengenalan, yaani namba hiyo ya IC, tarakimu 12, hakipokei herufi. Pasipoti yangu inaanza na herufi tatu. Nikaenda dirishani. Dada wa asubuhi akasema niache herufi, nijazie sifuri. Nikajaza, fomu ikapita. Dada wa mchana akaifuta, akasema huo ni udanganyifu, nitafute mwenyeji wa kunidhamini.

Nikarudi na Mak Cik wa nyumba ya pili. Huyu mama ana miaka zaidi ya sabini na amelima mpunga tangu usichana wake. Alivaa baju kurung yake nzuri, akatoa IC kutoka kwenye kitambaa alichoifungia, akaiweka juu ya kaunta kwa mikono miwili. Wakamwuliza hati ya mshahara. Hana, atakuwa nayo vipi? Wakamrudishia kitambulisho chake. Njia nzima hakusema neno, na mimi nilikuwa namwendesha mgeni wangu wa heshima, ambaye nimemfanya aaibike kwa ajili ya karamu ya kumshukuru yeye.

Swali: kuna yeyote aliyewahi kukodi ukumbi kwa pasipoti tu? Mimi niko kwenye DP (pasi ya mtegemezi), mume wangu yuko Student Pass (pasi ya mwanafunzi), mwaka wa mwisho.

---

Kutoka: Baba wa Jitra

Pole sana dada. Weka namba ya i-Kad. Mimi kisanduku hichohicho kilinikwamisha kwenye kusajili laini ya simu, na kwenye kufungua akaunti ya benki, na mwanangu alipoanza chekechea. Ya benki ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: waliniomba barua ya chuo, chuo kikataka barua ya benki. Nikazunguka hivyo mpaka pasi yenyewe ikakaribia kuisha, ikabidi nianze upya maombi ya EMGS (ofisi ya pasi za wanafunzi wa kigeni). Kwa hiyo usikate tamaa.

---

Kutoka: Mwanafunzi, Sintok

Kaka, usimpotoshe mama. i-Kad si IC. i-Kad ni kadi ya mgeni mwenye pasi, namba yake haifuati mpangilio wa MyKad (ndiyo IC ya raia), na fomu iliyotengenezwa kwa MyKad itaikataa. Tumeshalisema hili humu kila muhula.

Mama Pacha, nenda mwenyewe Jumapili asubuhi, watu ni wachache. Na wageni kumbukeni, huku wikendi ni Ijumaa na Jumamosi. Mnapanga safari za ofisi Ijumaa halafu mnalalamika kuwa milango imefungwa. Kwa mambo ya EMGS siku zenu ni nne tu, Jumatatu mpaka Alhamisi, kwa sababu Jumapili sisi tunafanya kazi na EMGS wa KL (Kuala Lumpur) wamelala, na Ijumaa wao wako kazini na chuo chetu kimefungwa.

---

Kutoka: Mkenya wa Kangar

"Huku" ya nani? Perlis tunafunga Jumamosi na Jumapili. Ukivuka tu mpaka wa jimbo mambo ni mengine. Naomba anayeandika "kaskazini" aseme ni Kedah au Perlis, kuna mtu mwezi uliopita alitoka Changlun mpaka Kangar Jumapili kwa basi akakuta mlinzi peke yake.

Mama Pacha, kwa nini ukumbi? Tuje huku. Watoto tuwapitishe Gua Kelam kwanza, pale Kaki Bukit. Ni pango la mawe ya chokaa, watu walikuwa wakichimba bati humo, sasa kuna njia ya mbao ndani kwa ndani na maji yanapita chini ya miguu. Karibu mita 370 unatembea kwenye ubaridi, halafu unatokea upande wa pili kwenye bonde la kijani. Watoto wangu hawachoki. Kutoka hapo Kuala Perlis si mbali, tunakula ikan bakar jioni. Unachagua samaki mwenyewe kwenye barafu, siakap au pari, wanampaka sambal (pilipili ya kusaga), wanamfunga kwenye jani la mgomba na kumweka juu ya makaa, anakuja na bakuli la air asam (mchuzi wa ukwaju). Mtu wa Mombasa ukimlisha hiyo atanyamaza.

---

Kutoka: Mama Pacha, Changlun

Ahsante kaka, tutakuja siku nyingine inshallah. Lakini hii ni kwa ajili ya majirani. Mak Cik na wenzake hawawezi kutembea pangoni. Nataka mahali penye paa, viti na maji ya udhu, karibu na kwao. Bado naomba kujua kuhusu fomu.

---

Kutoka: Mzee wa Alor Setar

Wanangu, nasoma kwa wasiwasi. Kabla ya fomu someni sheria. Sheria ya Mikusanyiko ya Amani ya mwaka 2012 hairuhusu asiye raia kuandaa mkusanyiko. Mtu asije akapoteza pasi kwa ajili ya pilau.

---

Kutoka: Mwanafunzi, Sintok

Shikamoo mzee. Kwa heshima yote, sheria hiyohiyo ina jedwali la tatu, linalotaja mikusanyiko isiyohitaji kutolewa taarifa polisi: ya dini, mazishi, harusi, ya familia, na rumah terbuka za sikukuu zimeandikwa humo wazi. Nadhani wanaozungumziwa hasa ni watu wa mabango. Tusitishane.

---

Kutoka: Mzee wa Alor Setar

Marahaba. Sikutisha mtu. Nimekaa nchi hii kabla hamjazaliwa wengine, na nimeona watu wakirudishwa kwa mambo madogo. Nimesema someni, nawe umesoma, vizuri.

---

Kutoka: Bi Harusi wa Kubang Pasu

Mimi nimeolewa huku, niko LTSVP (pasi ya muda mrefu ya mwenza wa raia), kwa hiyo nitasema kwa upande wa ndani kidogo.

Achaneni na ukumbi wa mji. Kenduri (karamu) ya kampung haifanywi hivyo. Nendeni kwa ketua kampung (mkuu wa kijiji), nyumbani kwake, baada ya Isha, mkiwa na kitu mkononi, hata kuih (vitafunio) sahani moja. Ombeni balai raya (ukumbi wa kijiji), au uwanja wa surau (msikiti mdogo). Yeye akikubali, yamekwisha, na khema na sufuria zinatoka kwa kijiji. Hapo hakuna mtu atakayeulizwa hati ya mshahara.

Halafu mjue kazi yenyewe. Usiku wa kuamkia kenduri watu wanakuja rewang, kusaidiana kazi ya kupika. Wanawake wanakaa chini wanamenya vitunguu, wanaume wanapasua kuni. Alfajiri gulai (mchuzi wa viungo) inawekwa kwenye kawah (karai kubwa), nyama na fenesi bichi, inakorogwa na kasia kama la mtumbwi, wawili wawili kwa zamu, kwa sababu moshi unachoma macho. Mama mkwe wangu hakunihesabu kuwa mtu wa nyumbani siku ya nikahi. Alinihesabu siku aliponikuta saa kumi na moja alfajiri nimeshika kasia, machozi yananitoka, akanisukumia kigoda chake nikae. Mkifika na chakula kilichokwisha kupikwa, mkawapangia viti kama hotelini, watakula na watashukuru, lakini hawatakuwa wamekaribishwa. Waacheni waje usiku mmenye nao vitunguu.

Na salam kaut msiikatae. Mgeni akikupa mkono wakati wa kuaga, mkononi mna noti imekunjwa. Usiitazame, usiirudishe.

---

Kutoka: Mwanafunzi, Sintok

Ushauri mzuri dada, ila Mama Pacha aliuliza kuhusu kukodi ukumbi kwa pasipoti.

---

Kutoka: Bi Harusi wa Kubang Pasu

Nami nimemjibu kwamba asikodi.

---

Kutoka: Baba wa Jitra

Tuzungumze chakula basi. Nani anapika pilau? Bizari nyembamba huku ni jintan putih, iliki ni buah pelaga, karafuu ni bunga cengkih, vyote vipo soko la Pekan Rabu, Alor Setar, na kwenye maduka ya Wahindi. Msinunue ile pakiti ya rempah tayari, ina viungo vingine na pilau inageuka kitu kingine. Mbuzi ulizeni mapema. Ukienda bucha ukasema kambing tu, unaweza kupewa kondoo wa barafu kutoka Australia.

Na kwa mgeni aliyeniuliza pembeni kuhusu ugali: tepung jagung ya supamaketi ni wanga wa kufanya mchuzi uwe mzito, haiwi ugali hata uikoroge vipi. Tumia suji, au tafuta unga wa mahindi kwenye duka la Kihindi.

---

Kutoka: Mama Pacha, Changlun

Pilau mimi. Na kisamvu, hilo silitoi. Pucuk ubi zipo sokoni kila wiki, mafungu mabichi yanayodondosha maji, wao wanachemsha tu na kula na sambal. Mak Cik aliniona natwanga kwenye kinu chake akashangaa, akaita binti zake watazame. Nilipotia tui na karanga akala sahani mbili, akabeba bakuli kwa mumewe. Nazi huku raha, yule Pak Cik wa sokoni anaikuna kwa mashine na tui analikamua hapohapo. Ningekuwa na mashine ile kwetu Tanga, mama yangu asingekuwa na kovu lile la mbuzi ya kukunia nazi kwenye kidole. Namkumbuka sana mama siku hizi. Idi hii nitakuwa sijafika nyumbani tena.

---

Kutoka: Mkenya wa Kangar

Pole dada yangu. Nauli za wakati wa Idi ni mateso. Angalau sisi Kenya mtu akiamua kuhamia huko nje moja kwa moja hapotezi nyumbani, katiba ya 2010 imetupa uraia pacha. Nyinyi ndugu zetu Watanzania mnachelewa.

---

Kutoka: Mwanafunzi, Sintok

Malaysia yenyewe hairuhusu uraia pacha, kwa hiyo katiba yenu huku haikusaidii kitu. Na mwaka 2022 mlipigia kura kituo gani Malaysia? Hakikuwepo.

---

Kutoka: Mkenya wa Kangar

Angalau wenzetu wa Qatar na Marekani walipiga. Nyinyi mlioko nje mnapiga wapi?

---

Kutoka: Mzee wa Alor Setar

Hatupigi popote, na linaniuma kuliko unavyodhani, kijana. Nimetuma pesa nyumbani miaka yote, nimesomesha watoto wa ndugu, nimejenga. Nikitaka sauti katika nchi niliyozaliwa, nipande ndege. Wabunge wakija ziarani KL tunapiga picha nao, wanatuita mabalozi wazuri wa nchi. Mimi sitaki kuitwa balozi, nataka karatasi ya kura. Lakini tusigombane hapa, mama ana shughuli. Mbuzi mmoja ni wangu. Nitamwagiza kwa mtu wa Pokok Sena, mbuzi wa kienyeji, achinjwe siku ileile.

---

Kutoka: Baba wa Jitra

Allah akubariki mzee. Mimi mchele. Lakini nauliza, mchele gani? Kama majirani ni wakulima wa mpunga, tunawapelekea basmati ya dukani?

---

Kutoka: Bi Harusi wa Kubang Pasu

Basmati hapana jamani. Nunueni kwa mmoja wao. Tangu mradi wa umwagiliaji wa Muda wanavuna mara mbili kwa mwaka, kila nyumba ina gunia la kula. Mchele wao unanata zaidi, kwa hiyo maji ya pilau yapunguzeni, na kaanga viungo vikolee kabla ya kutia mchele. Mnunulieni Mak Cik. Baada ya yaliyompata pale dirishani, kula mchele wake mbele ya kijiji kizima ndilo jambo linalostahili.

---

Kutoka: Mama Pacha, Changlun

Dada, umesema jambo. Jana nilikwenda kwake kwa habari ya mchele tu, ananiambia magunia mawili hataki pesa. Tumebishana mpaka Magharibi. Amekubali kuuza moja, la pili ni rewang yake, na amesema usiku ule atakuja na dada zake wanne na visu vyao wenyewe.

Kwa ketua kampung tunakwenda Jumatatu baada ya Isha, mimi na mume wangu na Mak Cik. Nitapeleka vitumbua. Ile fomu bado iko palepale, mwenye jibu aniandikie hata akichelewa, kwa sababu mvua ikinyesha balai raya haitoshi watu mia na hamsini.

Ninachokosa: sufuria ya kilo ishirini yenye mfuniko, mkaa, na mtu mwenye gari la kumfuata mbuzi Pokok Sena. Ndugu wa Perlis, kumbukeni karamu ni Ijumaa, kwenu ni siku ya kazi, ombeni ruhusa mapema.

---

Kutoka: Mkenya wa Kangar

Nimeshaomba. Gari ninalo, mbuzi niachieni mimi. Na chapati naleta, ili watu wa roti canai waone upande wa pili.