Solenoidi ya kupigia ngoma: mkwiro unang'ang'ania ngozi

Swali: Wakuu, nina solenoidi (koili ya umeme inayosukuma mkwiro) ya volti 12 inayovuta ampea 2, Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta inayotoa amri) na transista IRF540N (swichi ya kuwasha na kuzima koili). Mkwiro ukigusa ngozi unabaki pale pale, mlio unakufa, na transista inachemka. Nirekebishe wapi?

Jibu 1: Mkuu, IRF540N haifunguki kikamilifu kwa volti 5 za Arduino, ndiyo maana inachemka. Weka transista ya IRLZ44N, na rezista ya ohmu 10,000 kutoka geti (mguu wa transista unaopokea amri ya Arduino) hadi hasi. Dayodi 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu) iwe sambamba na koili, mstari wake upande wa chanya. Bila hiyo, umeme unaorudi koili inapozimwa unaweza kuua transista.

Jibu 2: Mlio kufa ni suala la muda. Anza kwa kuwasha koili milisekunde 15, ongeza 2 kila jaribio. Koili izimwe kabla mkwiro haujagusa ngozi, kasi yake imalizie pigo. Kumbuka dayodi huchelewesha kidogo koili kuachia, kwa hiyo springi ya kurudisha isiwe legelege. Kituo cha nyuma, pale chuma cha solenoidi kinapogonga kikirudi, kivishe mpira laini, la sivyo mgongano wa chuma utafunika ngoma.

Jibu 3: Solenoidi ipewe adapta yake, ila hasi ya adapta na ya Arduino ziungane. Kapasita (kihifadhi umeme) ya mikrofaradi 2200, volti 25, ikae karibu na koili.