Tupeane uzoefu: vikundi vya Mastodon, Lemmy na wenzao mnaviitaje huko kwenu?

Mwana wa Mabatini

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wale tuliohama mitandao ya kampuni moja tukaingia kwenye ile ya seva nyingi (kompyuta zinazotunza akaunti na maandishi, kila moja na mwenyewe) zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe: Mastodon, Lemmy, Friendica, Mbin, Matrix na ndugu zao. Naomba tusibishane ipi ni bora. Ninachotafuta ni visa: ulipowakaribisha watu wako kwenye kikundi cha huko ulikiita nini, na wao wakaelewa nini?

Hapa Mwanza tuko watu tunaopenda kupiga picha za ziwa, ndege na haya mawe yetu, tukafungua mahali kwenye Lemmy. Nilianza kwa kuandika "karibuni kwenye jumuiya yetu". Mama mmoja wa Nyakato akanijibu kwa upole kabisa kwamba yeye jumuiya anayo, wanasali nyumba kwa nyumba, na hawezi kuwa na jumuiya mbili. Hakuwa anatania. Kwa Mkatoliki wa hapa jumuiya ni ile ndogo ndogo ya mtaani, basi. Nilipoandika "kikundi", watu wakauliza kiingilio ni shilingi ngapi na hisa zinanunuliwa lini, maana kikundi mjini hapa ni cha kuweka na kukopa.

Nalichukulia kwa uzito kwa sababu jina ndilo linalomwambia mtu nini kitatokea akiandika. Mitandao hii mingi inatumia itifaki ya ActivityPub, yaani kanuni za seva kuwasiliana, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha rasmi Januari 2018. Ndani yake kikundi ni mhusika anayejitegemea: kina anwani yake, kina kisanduku cha kupokea na cha kutuma. Unakiandikia, chenyewe kinawasambazia wote wanaokifuata, hata kama akaunti zao ziko kwenye seva nyingine kabisa. Mtu asipolijua hilo anaweza kuumia. Leteni visa.

Mama Dagaa, Kirumba

Mimi nililiita gurupu, na wanawake wenzangu wa pale sokoni Mwaloni walielewa papo hapo. Shida ni kwamba walielewa gurupu la WhatsApp. Wa kwanza akaniomba nimfichie namba yake, nikamwambia humu hakuna namba ya mtu. Huyo alifurahi. Wa pili akaandika jina la mteja wake wa mkoa mwingine aliyechukua magunia ya dagaa akakaa kimya, akijua tunasoma sisi tu. Baada ya siku chache mteja akampigia simu akifoka, kumbe amesomewa yote. Yule dada alilia. Deni lake lilikuwa la haki, lakini aliona amemwanika mtu hadharani bila kukusudia.

Gurupu lina mlango, na aliye ndani anajua waliomo. Kile tulichofungua kwenye Lemmy hakina mlango, hata asiye na akaunti anafungua na kusoma. Tangu siku ile neno gurupu nimeliacha. Nawaambia "tunaandika hadharani" kwanza, jina linafuata baadaye.

Boda wa Igoma

Sisi tunaita kijiwe. Anayekuja anakuja, anayeondoka anaondoka, kiongozi yupo na fujo haitakiwi. Hakuna aliyeuliza maana yake.

Binti Nyegezi

Kaka wa Igoma, kwenu wanaume linakaa vizuri. Sisi tulifungua mahali pa kusaidiana hesabu za kidato cha sita tukapaita "Kijiwe cha Hesabu". Wavulana walijaa. Wasichana wakawa wananiuliza pembeni kama pana pengine, kwa sababu binti hawezi kumwambia mama yake usiku kwamba yuko kijiweni, hata kama kijiwe chenyewe ni cha kutafuta eneo chini ya mkunjo. Tukaandika "Hesabu Kidato cha Sita", hakuna neno jingine mbele wala nyuma. Ndipo wakaja, na sasa wao ndio wanaojibu maswali mengi. Kwa maoni yangu kama kazi ya mahali inajieleza, si lazima useme ni kundi, ni baraza au ni nini.

Mwana wa Mabatini

Dada, hili sikulifikiria, na ni zito. Lemmy na Mbin zenyewe zinaonyesha kwa alama na mpangilio wa ukurasa kwamba hapo ni mahali pa wengi. Ila unapomwelekeza mtu kwa mdomo, kwenye daladala au sokoni, neno bado litahitajika.

Katibu wa Mwalo, Ukerewe

Nichangie kwa kirefu kidogo. Huku visiwani niliona watu wanahangaika na jina la kikundi, nami nikaona kinachowapotosha ni seva. Kwa hiyo nilianza na seva, nikaiita mwalo, yaani pale mitumbwi inapotia nanga. Kila mvuvi anajua mtumbwi wake una namba ubavuni na unajulikana umetoka mwalo gani, na kila mwalo una viongozi wake na taratibu zake, lakini ziwa tunalovua ni moja. Akihamia mwalo mwingine anajitambulisha kwa BMU ya huko, kikundi kinachosimamia mwalo, na kufuata utaratibu wao. Sikuhitaji kuchora chochote ubaoni. Mzee mmoja aliniuliza mwenyewe: "Sasa hilo kundi letu liko mwalo gani?" Nikajua somo limeingia.

Swali lake lilikuwa la maana kuliko nilivyodhani. Kundi letu la bei za samaki na hali ya upepo lilikuwa kwenye seva ya mtu mmoja aliyekuwa akiiendesha kwa kujitolea. Gharama zikamzidi, akatutangazia mapema, akafunga. Simlaumu, alifanya kiungwana. Wenye akaunti za Mastodon kwenye seva nyingine walibaki na akaunti zao salama. Ila kundi lenyewe liliondoka na seva, kwa sababu anwani yake ilikuwa ya pale na Lemmy haikutupa njia ya kulihamisha pamoja na wafuasi wake. Maandishi ya zamani bado yanaonekana kwenye seva nyingine zilizokuwa zimehifadhi nakala, lakini ukiandika jipya haliwafikii walio kwenye seva nyingine. Kuna vijana waliendelea kuuliza bei ya sangara mle wakishangaa kwa nini watu wamenuna.

Tulipofungua upya kwingine tulitumia jina lilelile, na hapo ukazuka mkanganyiko mwingine: majina mawili yanayofanana, moja hai, jingine mfu. Tangu hapo nimeweka sharti, jina la kundi letu halitajwi nusu. Unataja jina na mwalo wake, kama anwani inavyoandikwa, hata unapomwambia mtu kwa mdomo. Mkiliita kundi, kijiwe au baraza, mimi sina ugomvi. Msiache tu kutaja liko wapi.

Fundi Pasiansi

Katibu amesema kweli kwa Lemmy, lakini tusibebe maelezo hayo kila mahali. Kwenye Matrix kundi halikai seva moja. Kila seva yenye mshiriki inatunza nakala ya mazungumzo, na seva iliyoanzisha ikizimika zilizobaki zinaendelea. Kule wenyewe wanasema chumba, na chumba kinaweza kufungwa mlango, tofauti na alichokutana nacho Mama Dagaa. Mbin nayo kundi inaliita jarida. Nilipowaonyesha vijana wa hapa ofisini walisubiri mhariri awaletee makala, hakuna aliyeandika hata mstari. Friendica iliwahi kubadilisha majina yake yenyewe: yaliyokuwa majukwaa yakawa makundi, na yaliyokuwa makundi, yaani orodha za marafiki unazojipangia mwenyewe, yakawa miduara. Kama hata wao walilazimika kurudi nyuma, sisi tusikimbilie neno moja la kufunika kila kitu.

Mwana wa Mabatini

Fundi, nakubali kuhusu Matrix. Lakini kwa mama wa sokoni sioni faida ya kumpa majina matano. Mimi bado naona "kundi la wazi" linatosha kwa Lemmy, Mbin na Friendica, na "chumba" kibaki cha Matrix.

Mzee wa Magu

Mbona hamjataja shikome? Usukumani ule moto wa jioni ndipo wazee na vijana walipokaa wakaongea mambo yote. Kikundi chetu cha historia tumekiita hivyo na wajukuu wamelipokea.

Katibu wa Mwalo, Ukerewe

Shikamoo mzee. Kwa kikundi cha historia ya Wasukuma ni jina zuri sana. Kwetu tuko Wakerewe, Wajita, Wakara na wengine waliofuata dagaa, hapo ingebidi tuanze kueleza upya.

Mgeni Kamanga

Samahani wakuu, mimi nina Mastodon tu. Kundi la picha za mawe naliingiaje bila kufungua akaunti ya Lemmy?

Mwana wa Mabatini

Karibu sana. Huhitaji akaunti nyingine. Sisi tulio Lemmy tunaandika anwani ya kundi kwa kuanza na alama ya mshangao. Wewe kwenye kisanduku cha kutafuta cha Mastodon anza na @, kisha jina la kundi, @ tena, halafu jina la seva lote. Likitokea, bonyeza kufuata. Ukitaka kuweka picha, andika kichwa cha habari kwenye mstari wa kwanza, eleza ulipoipiga, kisha itaje anwani hiyo mwishoni. Kundi litaisambaza. Na kumbuka aliyosema Mama Dagaa: kama kuna sura ya mtu kwenye picha, muulize kwanza.