Nimevunjika mkono kwa kifundo, nitiwe chuma ama nikae na plasta?

MuuzaOmena, Kisumu
Habarini watu wangu. Jumamosi nilikuwa nashuka boda hapo Kibuye na mvua imetoka kunyesha, mguu ukateleza nikajikinga na mkono wa kushoto, na mimi ni mashoto, sasa fikiria. Kifundo kikakaa kama uma umepinduliwa. Daktari akauvuta akafunga plasta nusu na bendeji, leo nimerudi eksirei inaonyesha mfupa umeteleza tena na ufa umeingia mpaka kwa jointi. Anataka nipelekwe thieta nitiwe chuma na skrubu. Mama mkwe, mtu wa Kakamega, anasema chuma kitavuta radi, eti kuna mzee ananyoosha mifupa vizuri kwa kukanda. Mimi shida yangu ni biashara, nitabeba karai lini?

Seremala58, Nakuru
Pole sana dada. Mimi nilitiwa chuma mwaka juzi, mkono wa kulia, na bado napiga randa. Hata sikulazwa usingizi, walinidunga ganzi karibu na bega mkono wote ukalala kama si wangu, nikawa nasikia drili tu. Makosa yangu yalikuja baadaye. Niliogopa kusongesha vidole nikadhani skrubu zitatoka, wiki tatu nimeuweka tu kwa kitambaa shingoni kama mtoto, kufungua nikakuta vidole vimekauka siwezi kukunja ngumi. Mtu wa fizio alinigombeza vibaya. Kukunja na kunyoosha kulirudi pole pole, lakini kitu kilinisumbua miezi ni kugeuza kiganja kiangalie juu. Konda akinirudishia chenji, sarafu zinamwagika, inabidi nitumie ule mwingine. Wewe ukiwa sokoni utaiona hiyo.

Kitindamimba
Mi nitasema tofauti kidogo. Mathe ana miaka 71, alivunjika hivyo hivyo, wakaacha plasta wiki sita basi. Mfupa umeunga ukiwa umepinda, ukiangalia unaona, lakini anakamua ng'ombe na kusonga ugali. Si kila mtu lazima apasuliwe.

SistaWaUsiku
Kitindamimba uko sawa, kwa wazee ambao hawabebi mizigo plasta mara nyingi inatosha. Lakini huyu dada bado anafanya kazi nzito, mfupa umeteleza tena ndani ya plasta na jointi imeguswa, hapo chuma kina maana yake. Usikae ukifikiria mwezi mzima, wiki mbili za kwanza ndio mfupa unarudishwa kwa urahisi, ukianza kuunga vibaya kazi inakuwa ya kuuvunja upya. Na tafadhali usikandwe, nimeona mikono imetoka huko imefura kama maandazi.

Radi haijui kama una chuma ndani ya nyama, mwambie mama asijali. Hicho chuma hukaa maisha, hutolewa kikisumbua tu, kwa mfano kikianza kusugua kano ya kidole gumba. Nyuzi hutoka kama siku ya 10 mpaka 14, kikombe cha chai utashika mapema, karai lililojaa hesabu miezi mitatu hivi daktari akikubali, na nguvu zote zinaweza kuchukua mwaka.

Saa hii mkono ukae juu ya moyo, hata usiku weka mito. Vidole vikifa ganzi, vikibadilika rangi, ama uchungu uzidi hata baada ya dawa, usingoje asubuhi, rudi hospitali plasta ilegezwe. Halafu swali: ni mkono wa kushoto, pete iko wapi?

MuuzaOmena, Kisumu
Wueh sista umejuaje, iko hapo na kidole kimefura, nimejaribu sabuni imekataa.

SistaWaUsiku
Itoke leo. Rudi pale kesualti, watazungusha uzi kwa kidole kutoka kwa pete kwenda kwa kucha, halafu wanaufungua kuanzia chini pete inapanda nao. Ikikataa wanakata. Pete huungwa tena, kidole hakinunuliwi.

MuuzaOmena, Kisumu
Imetoka na uzi, nimelia kidogo. Nimeandikwa Alhamisi, nimeambiwa nisile kuanzia saa sita usiku, na SHA, ile bima ya afya ya serikali, niangalie kama imelipwa. Mama mkwe ameshika meza ya omena, anauzia watu bei ya zamani.