Mwanafunzi anaijua sheria, Kiingereza kinamwangusha. Nimsaidieje bila kushusha kiwango?

Mwalimu wa Mikataba:
Wakuu, habari za humu. Nafundisha sheria ya mikataba mwaka wa kwanza, ukumbi unajaa hadi wengine wanakaa kwenye ngazi. Muhula uliopita binti aliyetoka shule ya kata alinifuata ofisini na shida ya shangazi yake: mwenye nyumba kapandisha kodi katikati ya mkataba. Akaichambua kwa Kiswahili, nani alitoa pendekezo, nani alikubali, ridhaa ilikosekana wapi. Nilimsikiliza kwa furaha. Kwenye mtihani swali la aina hiyohiyo likaja, akaandika mistari minne ya kukariri kutoka kwenye desa, zile notsi wanazopeana wanafunzi. Aliyesoma shule ya ada kubwa kaandika Kiingereza kinachoteleza, hoja nyepesi, kapata B.

Hili linaniuma. Hapa Tanzania, tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ila mtihani wetu ni Kiingereza na si mimi ninayeamua. Ndani ya darasa langu nifanye nini?

Wakili Kanda ya Ziwa:
Mwalimu, usimpunguzie Kiingereza. Hukumu za Mahakama ya Rufani za miaka ya nyuma karibu zote ziko kwa Kiingereza, atazisoma vipi? Mpe zoezi la nusu ukurasa kila wiki, umsahihishie.

Mkufunzi msaidizi:
Asahihishe nani, mkuu? Semina moja watu sitini, na mkufunzi ana semina tano.

Zao la Kata:
Shikamoo mwalimu. Mimi ni wa shule ya kata, sasa niko mwaka wa tatu. Tulikuwa na mkufunzi anayeacha tubishane kwa Kiswahili kwanza, kisha mmoja anaandika jibu ubaoni kwa Kiingereza na wote tunalirekebisha. Hapo anasahihisha jibu moja, tunajifunza wote. Siku moja alileta jibu la mtihani lililopata A, akatuonyesha kila aya inafanya kazi gani. Wenzetu wa shule binafsi walishafundishwa hayo kidato cha tano, sisi ndiyo kwanza tunayaona! Halafu vitini tutumieni kwenye simu mapema. Boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, likichelewa, hata hela ya kutoa kopi hatuna.

Mwalimu wa Mikataba:
Marahaba, asante sana. Jibu la A naanza nalo semina ijayo, na vitini naviweka kwenye grupu leo. Wakili, kama una hukumu fupi ya mkataba wa pango iliyoandikwa kwa Kiswahili, naiomba. Nataka waisome sambamba na ya Kiingereza.