Msaada: Singapore siku nne na watoto watatu na mama mkwe, ratiba yangu inawezekana?

Bibie wa Tabata
Wakuu, habari za humu ndani. Mume wangu ni mtu wa bandarini na kazini wanampeleka mafunzo Singapore, anamaliza wiki ya mwisho ya Juni. Tukaona badala ya yeye kurudi na chokoleti za uwanja wa ndege, sisi tumfuate kule, tukae siku nne, turudi wote. Shule zitakuwa zimefungwa.

Msafara: mimi na baba watoto, wa kiume miaka 11, binti miaka 7, kitinda mimba miaka 3 (akichoka mtaa mzima unajua), na mama mkwe. Yeye ni Mpemba, magoti yanamsumbua, lakini kashasema habaki nyumbani.

Ratiba niliyoandika: siku ya kwanza Universal Studios (bustani ya michezo ya kupanda) asubuhi, samaki wa kisiwa cha Sentosa mchana, usiku Gardens by the Bay. Ya pili bustani ya wanyama, ndege, na Night Safari. Ya tatu tunavuka Malaysia kwenda Legoland. Ya nne lile sanamu la Merlion, nusu simba nusu samaki, Chinatown, Little India, Kampong Glam, maduka, halafu uwanja wa ndege.

Bajeti si ya kifahari. Tunakula halali tu. Naomba mnisaidie: tulale mtaa gani, tutembee kwa treni au teksi, na kama kuna cha kupunguza. Natanguliza shukrani.

Kahawa Chungu
Kama kuna cha kupunguza? Dada, hiyo ni ratiba ya jeshi, ya JKT. Mwonee huruma mama wa watu.

Shangazi wa Mtwapa
😂😂 Kahawa umenimaliza. Lakini dada usijali, sote huanza hivyo tukishafungua ramani na kuona nchi yenyewe ni kidole.

Sisi tulienda na watoto wadogo Disemba, nikueleze lililotusaidia. Kitu kimoja cha kulipia kwa siku. Kimoja tu. Kingine chochote kiwe cha bure, na Singapore cha bure ndicho kizuri zaidi. Asubuhi mnatoka mapema, jua likipanda mnarudi hotelini watoto walale, saa kumi na moja jioni mnatoka tena. Joto la kule ni la unyevu, nchi iko karibu kabisa na ikweta, sisi wa Pwani tulidhani tumezoea na bado tulitoa jasho. Halafu ukiingia dukani au kwenye treni kiyoyozi kinakupiga mpaka meno yanagongana. Sweta jepesi kwa kila mtoto lisitoke kwenye begi.

Viza kwa pasipoti yenu haihitajiki kwa matembezi mafupi, sawa na sisi Wakenya. Lakini kuna fomu ya kuingia, SG Arrival Card, inajazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na kila mtoto ana yake. Ni ya bure. Jaza kwenye tovuti ya uhamiaji wao wenyewe, maana zimejaa tovuti zinazokutoza hela kwa fomu hiyo hiyo. Kadi ya njano ya chanjo bebeni pia, mkitokea Afrika Mashariki mnaweza kuulizwa.

Baharia Mstaafu
Nimeshuka Singapore mara nyingi kwa miaka ya meli, na siku hizi binti yangu anafanya kazi huko. Nichangie.

Malazi: tafuteni Bugis. Little India na Farrer Park ni nafuu kidogo, si mbaya, lakini kwa mama mkwe Bugis ina faida mbili. Kwanza ni mwendo mfupi hadi Masjid Sultan, msikiti mkubwa wa Kampong Glam, na migahawa ya Kiislamu iko pale pale chini ya mnara. Pili, treni ya kutoka Bugis hadi Bayfront, yaani mlangoni pa Gardens by the Bay, ni vituo viwili. Vyumba vya kule ni vidogo na hoteli hazitaki mchezo na idadi ya watu, kwa hiyo andikeni watoto wote mnapolipia na mchukue vyumba viwili vinavyopakana. Ukimficha mmoja watamwona.

Usafiri: treni, bila kufikiria mara mbili. Vituo vyote vina lifti, kigari cha mtoto kinaingia kikiwa wazi. Mnagusa kwa kadi ya benki ya Visa au Mastercard ya kugusa, kila mtu kadi yake, mnagusa mkiingia na mkitoka. Kadi za kigeni zinakatwa ada ndogo, hivyo kama mtazunguka sana nunueni kadi zao za EZ-Link. Mtoto chini ya sentimita 90 anapita bure.

Teksi kuna jambo watu hawalijui. Nyie ni sita, teksi ya kawaida ni watu wanne, kwa hiyo mnahitaji kubwa au mbili. Na mtoto aliye chini ya mita 1.35 sheria inataka kiti chake maalumu. Teksi halisi zimesamehewa, lakini magari ya kuita kwenye simu hayajasamehewa, dereva akiona mtoto hana kiti anaondoka zake na safari inafutwa. Chagueni yenye alama ya familia au mkasimame kwenye foleni ya teksi.

Kula na kunywa ndani ya treni ni faini, inafika dola 500 za Singapore. Hata maji. Na bigijii (chingamu) acheni Dar, kuingiza ni marufuku toka 1992.

mtu_wa_Kariakoo
Na shisha, na sigara za umeme. Kuna ndugu alizibeba, akanyang'anywa na faini juu.

Chipukizi
Mimi natofautiana na shangazi. Mtoto wa miaka 11 umpeleke Singapore usimpeleke Universal? Atakusema mpaka harusini kwake. Legoland ndiyo naungana nanyi, itoe. Tatizo si Legoland yenyewe, ni lile daraja la kuvukia kwenda Johor, Malaysia. Unapanga foleni ya uhamiaji kutoka Singapore, unavuka, unapanga ya Malaysia, na jioni unarudia zote mbili. Juni shule za Singapore nazo zimefungwa, nusu ya nchi inavuka. Na bibi mwenye magoti je?

Universal nendeni siku ya kazi, si Jumamosi. Wagawane: baba na wa kiume wakapande yale ya kutisha, mengi yana kipimo cha urefu na mdogo hatapita, wewe na wengine mkae ufukweni Palawan bure. Hapo mmelipa tiketi mbili tu.

Shangazi wa Mtwapa
Chipukizi hapo kwa kuwagawa umesema. Mimi nilikuwa napinga kulipia familia nzima.

Treni ya kuingia Sentosa inatoka duka kubwa la VivoCity, dola 4 kuingia, kutoka bure. Na ukitaka kuokoa hizo dola kuna njia ya miguu juu ya maji.

Bibie wa Tabata
Asanteni sana jamani, nimecheka na nimejifunza. Legoland nimeifuta. Lakini bustani ya wanyama sijaelewa: kule Mandai ziko bustani nyingi pamoja, tuchague ipi?

Baharia Mstaafu
Hapa niongee kama Mtanzania. Usilipe pesa za Asia kwenda kumwonyesha mtoto twiga. Mikumi ipo na nauli ya basi unaijua. Bustani ya mchana tiketi ya mtu mzima inakaribia dola 50 za kwao, na wa miaka mitatu tayari analipa ya mtoto. Kinachostahili pale ni orangutani, wanapita juu ya kamba vichwani mwenu bila uzio.

Mimi ningechagua Night Safari peke yake. Inafunguliwa saa 1:15 usiku, jua likishazama, na sehemu kubwa unaiona ukiwa umekaa kwenye kigari kirefu kinachozunguka polepole gizani. Mama anakaa, mtoto wa miaka mitatu anakaa. Kuna chui milia wa Kimalaya, na kuna tapiri, mnyama aliyegawanyika weusi na weupe kama aliyepakwa chokaa nusu. Hao Serengeti huwapati. Siku hiyo mchana mlale kweli kweli. Kwenda ni treni hadi Khatib halafu basi la Mandai, lakini kurudi usiku na mtoto begani chukueni teksi kubwa.

Kama binti anapenda panda, wako River Wonders, jirani hapo hapo. Lakini shangazi kashasema: kimoja.

Shangazi wa Mtwapa
😂 Nimesema na sirudi nyuma.

Vya bure sasa. Gardens by the Bay, ile miti mikubwa ya chuma, kuingia chini yake hulipi. Taa na muziki huanza saa 1:45 na saa 2:45 usiku. Fikeni ya kwanza, mlale chali kwenye sakafu kama wengine, watoto wataipenda zaidi hivyo. Humo humo kuna sehemu ya watoto ya kuchezea maji, bure pia, muwe na nguo za kubadilisha. Nyumba mbili za kioo ndizo za kulipia. Mkichagua moja iwe Cloud Forest, ina maporomoko ya mita 35 ndani na baridi ya kuburudisha, na kuna lifti ya kufika juu kwa ajili ya mama.

Botanic Gardens asubuhi, bure, ni urithi wa dunia wa UNESCO toka 2015. Merlion mtamwona dakika kumi, mpige picha, muondoke.

Mla Vyote
Chakula hamjagusa! Msile hotelini wala kwenye maduka makubwa. Nendeni vituo vya wapika chakula, wanaviita hoka. Dola tano hadi nane mtu anashiba. Tekka Centre pale Little India kuna biriani na roti prata za Waislamu, angalieni cheti cha MUIS kilichobandikwa kibandani, ndiyo mamlaka yao ya halali. Msichanganye vibanda, kimoja ni halali na jirani yake ni nguruwe. Hata trei za kurudishia vyombo zimetengwa, za halali upande wake. Na kurudisha vyombo ni lazima, ukiacha mezani unaweza kutozwa.

Mkiona pakiti ya tishu mezani na hakuna mtu, msikae. Hiyo meza ina mwenyewe, ameenda kupanga foleni.

Murtabak, ile chapati iliyojazwa nyama, mtaipata mbele ya Masjid Sultan. Na mkiwa pale mtazameni kuba la dhahabu, shingo yake nyeusi inayong'aa. Ile ni vitako vya chupa za kioo, walizotoa Waislamu maskini ili nao wawe wamechangia ujenzi.

Bibie wa Tabata
Hiyo ya chupa nimemsomea mama mkwe, kasema twende pale kwanza. Ameuliza pia kama kuna doriani, lile tunda lenye harufu kali.

Baharia Mstaafu
Mwambie amefika kwao. Juni hadi Agosti ndiyo msimu, zinaletwa kutoka Malaysia, na mtaa wa Geylang wanauza barabarani, unapewa meza na glavu, unakula hapo hapo. Alimalize hapo hapo! Kwenye treni kuna bango kabisa la doriani lililopigwa mstari, na hoteli nyingi hazitaki liingie chumbani. Bei waulize kwa kilo kabla hawajapasua.

Bibie wa Tabata
Basi naandika upya. Kufika, mapumziko, Masjid Sultan na murtabak jioni. Siku ya pili Botanic asubuhi, usiku taa za Gardens. Ya tatu Sentosa, baba na kijana Universal, sisi ufukweni. Ya nne tunalala mpaka mchana, usiku Night Safari. Ndege yetu ya kurudi ni kesho yake usiku, inapitia Doha. Chinatown ikipatikana sawa, isipopatikana sawa. Mmeionaje?

Chipukizi
Sasa hiyo ni safari. Siku ya kuondoka nendeni uwanja wa ndege wa Changi mapema, kuna jengo linaitwa Jewel, lina maporomoko ya maji ya mita 40 yanayoshuka kutoka kwenye paa. Liko nje ya ukaguzi wa pasipoti, kwa hiyo mtembee kabla hamjaingia ndani. Kutazama hulipi.

mtu_wa_Kariakoo
Plagi zao ni za pini tatu kama zetu, msinunue adapta.

Bibie wa Tabata
Jamani Mungu awabariki. Swali la mwisho kwa baharia: kiti cha magurudumu cha mama, tunakiomba pale pale uwanjani?

Baharia Mstaafu
Hapana, ombeni sasa, mnapokata tiketi, au mpigie shirika siku mbili kabla kwa uchache. Sema mama anaweza kupanda ngazi za ndege au hawezi, maana huduma zinatofautiana. Ikishaandikwa kwenye tiketi inamfuata hadi Doha na hadi Changi, bila malipo. Akikaa kwenye kile kiti, mara nyingi wanawapitisha na nyie wengine foleni fupi ya uhamiaji, kwa hiyo msitengane naye.