MREJESHO: Viwavi kwenye mahindi yangu Kongwa

Wakuu, niliuliza kuhusu viwavi waliokuwa wanatoboa majani ya mahindi yangu huku Kongwa, kama nipige sumu kali au niache. Mkasema nimjue mdudu kwanza. Bwana shamba alipokuja alimshika mmoja akatuonyesha: usoni alama ya Y iliyopinduliwa, karibu na mkia madoa manne yaliyokaa kimraba. Viwavijeshi vamizi, wale walioingia Afrika mwaka 2016.

Mliotaja Bt, dawa ya viwavi inayotokana na bakteria, asanteni. Hii haiui kwa kugusa, lazima kiwavi aile pamoja na jani. Kwa hiyo tuliielekeza ndani ya moyo wa mmea, yaani pale katikati majani machanga yanapochomoza, kiwavi anakojificha, si kulowesha majani ya nje tu kama majirani wengi wanavyofanya. Tulipiga jioni, maana jua linaidhoofisha haraka, na jua la Dodoma mnalijua. Kesho yake viwavi walikuwa hai, shemeji akanicheka sana. Lakini kile kinyesi kipya kinachofanana na unga wa mbao kilikuwa kimekoma, walishaacha kula. Siku chache baadaye wakalegea, wakawa weusi.

Wakubwa baadhi wamebaki, kwani Bt inawaweza zaidi wadogo. Hao tunawatoa kwa mkono. Majani mapya yanatoka mazima.

Mkuu uliyeuliza kuhusu mtama: nao wanaula. Kagua moyo wa mmea ukiwa bado mchanga.