Ushauri: faili moja ya paipulaini kwa repo zote, au kila repo ibaki na yake?

MwanaKijitonyama: Wakuu, habari za jioni. Kampuni yetu ina repo (hifadhi za msimbo) takriban arobaini kwenye GitLab, na kila moja ina faili yake ya .gitlab-ci.yml, inayopanga paipulaini (hatua za kujenga, kupima na kusambaza programu kiotomatiki), iliyonakiliwa kutoka repo nyingine. Tukibadilisha imeji ya Docker ya kujengea (kifurushi chenye mazingira ya ujenzi), inatubidi kufungua repo moja baada ya nyingine na kurudia marekebisho yaleyale, na hazikosi zinazosahaulika. Ninataka faili moja ikae kwenye repo ya pamoja, nyingine zote ziivute kwa agizo la include. Mwenye uzoefu anisaidie, kwa maana muda umenibana na usingizi siupati.

Fundi wa Tabata: Wazo ni zuri, mkuu, lakini faili hiyo iwe fupi. Nilipokuwa kazini kwingine tulitumia Jenkins, mfumo mwingine wa paipulaini, na maktaba yetu ya pamoja iliandikwa kwa lugha ya Groovy ndani ya folda ya vars. Ilianza na hatua chache za kujenga na kupima, ikakua hadi ikawa programu kamili ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa isipokuwa aliyeiandika, naye alipohamia Arusha tukabaki kumpigia simu usiku.

DadaSeva: Jambo la kwanza ni usalama. Mwezi Machi 2025 tj-actions/changed-files, hatua ya paipulaini iliyotengenezwa tayari na iliyokuwa ikitumiwa na repo zaidi ya 23,000 kwenye GitHub, ilivamiwa. Mvamizi alizielekeza tagi za matoleo (majina yanayoelekeza kwenye toleo fulani la msimbo) kwenye badiliko lake, na siri za watu, kama nywila na funguo, zikachapishwa kwenye logi za ujenzi. Aliyekuwa tangu awali ameandika SHA (alama ya kipekee ya badiliko) kamili yenye herufi 40, badala ya jina la tagi, alisalimika. Kwa hiyo include yako isifuate tawi la main; iandikie ref ya toleo mahususi. Halafu tueleze, kaka: repo hizo zote ni mali yenu?

MwanaKijitonyama: Si zote, dada. Zaidi ya nusu ni za mteja mmoja, na kwa mujibu wa mkataba zinahamia kwenye kundi lake mwisho wa mwezi huu. Sikulitaja kwa sababu ni suala la mkataba, si la paipulaini. Za mteja nimekwisha kuziunganisha, zinajengeka vizuri, na bosi ameridhika. Sioni sababu ya kurudi nyuma.

Mkongwe wa Posta: Hilo ndilo swali lenyewe, kijana. Include ya mradi mwingine hukaguliwa kwa ruhusa za yule anayeendesha paipulaini. Kwako inapita kwa sababu wewe ni mwanachama wa repo ya pamoja. Mhandisi wa mteja si mwanachama.

Msomaji Makini: Nina shaka na kisa hiki. Repo arobaini, mteja asiyetajwa, tarehe ya kukabidhi iliyo mlangoni: hivi ndivyo maswali ya usaili yanavyotungwa. Nimewahi kumsaili kijana aliyetusomea majibu ya jukwaani neno kwa neno, na si haki kwa waliojiandaa.

MwanaKijitonyama: Ndugu, si usaili. Jana mhandisi wao alikuja ofisini, akaingia kwa akaunti yake na kubofya kitufe cha kuendesha paipulaini kwenye repo ya stakabadhi. Haikuanza hata hatua moja. Ulitokea ujumbe mwekundu kwamba mradi haukupatikana au ruhusa imekataliwa, nao ulitaja njia nzima ya repo yetu ya pamoja. Nikabofya mimi, ikapita. Alinitazama bila kusema neno.

DadaSeva: Basi mkabidhi mteja nakala ya repo ya pamoja ndani ya kundi lake, ifungie tagi, kisha badilisha njia ya include katika repo zake zote kabla ya kuhama. Kagua na imeji za Docker: kama zinavutwa kutoka rejista yenu ya ndani (ghala la imeji), ujenzi utakwama hapo hata include ikifanya kazi.

MwanaKijitonyama: Imeji zinatoka kwetu, ndiyo. Lakini faili hiyo ina hatua za kusambaza zenye anwani za seva zetu, na bosi hataki itoke. Anapendelea mteja apewe ruhusa ya kusoma tu, nami naelekea huko.

Mkongwe wa Posta: Ruhusa ya kusoma itamwonyesha anwani hizohizo. Hatua za kusambaza zitenge kwenye faili ya pili inayobaki kwenu, ndipo mzungumze na bosi kuhusu nakala.